Honda ya Bwana Shamba

Ilikatikia Kiwira, kwenye kona ya daraja.
Kwanza mlio wa bati linalopasuka,
kisha kishindo, na ndama wa watu akakata kamba.
Nikaingia Tukuyu nimeinamisha kichwa,
mwalimu mzima wa hesabu, nanguruma sokoni
kama mtu anayetukana bila kufungua mdomo.

"Dada, hii umeitoa makumbusho?"
Asajile hakungoja jibu. Alilala chali juu ya gunia,
mvua ikigonga turubai,
akapenyeza kidole chini ya pedeli
kikatokea upande wa pili, chekundu kwa kutu.
"Imeoza. Imekula miaka yake, imeshiba."

Alikuwa na ekzosi mpya, ya Kichina, imening'inia msumarini,
inang'aa kama kijiko cha wageni.
Elfu thelathini na tano, nusu saa, unakwenda zako.
Nikasema hapana, upesi mno,
kisha nikaona haya, maana sikuwa na sababu
ya kuitaja mbele ya vijana wanne wa bodaboda.

Sababu iko kwenye kigimbi cha mguu wa kulia,
chini ya sketi: kovu, ukubwa wa jani la mharage.
Nilikuwa na miaka sita. Baba alirudi kutoka Masoko
kuwahimiza watu wapogoe mibuni,
nami nikampanda shingoni kwa upande usiofaa.
Mama alinipaka dawa ya mswaki,
akamgombeza baba hadi usiku
kana kwamba yeye ndiye bomba.

Walimjua kwa mlio kabla ya sura.
Wenye mashamba ya magugu walijificha migombani,
wake zao wakisema, "Amekwenda msibani."
Na mama, mlio ukianza kupanda kutoka bondeni,
alibandika maji.
Baba akifungua lango, yanachemka.

Bolti mbili za shingo ziligoma.
Moja ililala usiku kucha kwenye dizeli, ikakubali.
Ya pili ikakatikia ndani,
ikatobolewa taratibu, kama jino.
Tulipoitikisa ekzosi yakamwagika masizi,
nyumba ya nyigu, na mbegu moja ya sijui nini.
Nikaigeuza kiganjani, nikaigeuza tena.
"Takataka tu, dada."
Nikaitupa.

Kipande nilikileta mwenyewe, kimeviringwa kwenye kanga:
mguu wa kitanda cha bweni, chuma cha zamani.
Akakijaza mchanga mkavu kisije kikajikunja,
akaziba ncha kwa vigingi, akakipasha moto
hadi kikawa rangi ya papai bivu,
akakipinda kwenye gogo, mimi nikishika koleo
na kugeuza uso.
Gasketi aliisokota kwa waya wa shaba.
Umeme ukakatika kabla ya grainda,
kwa hiyo mshono umebaki na vinundu.

Ikawaka. Tukasikiliza, hata wale wanne.
Si ile.
Ile ilikuwa nzito, ya mtu aliyekwisha kula;
hii inakohoa kwa adabu, kama mgeni barazani.
"Ni wembamba wa bomba," alisema Asajile,
akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
Elfu kumi na nane. Nati moja bure.

Katumba nilifika na giza, na ukungu.
Mbwa wetu alianza kunibwekea tangu kwenye migomba.
Jikoni kimya.
"Nani huyo?" mama aliuliza kupitia ukuta.
"Ni mimi. Na Honda."
Hakujibu. Nilidhani hakusikia.
"Izime," akasema. "Halafu iwashe tena."

Nikaizima. Matone yakadondoka kutoka kwenye bati.
Nikaiwasha.
Nikaiacha ikohoe mpaka ikazoea.

Ndani, mfuniko wa sufuria ukagusa sakafu.